Jinsi Viti vya Kighondi Vilivyopata Nguo

Kisa hiki kilisimuliwa kwanza na Bibi Wawuda, dada yake babu yangu Mwadime, mwaka 1971, siku tulipowapokea wakwe wa shangazi yangu kutoka Mombasa. Mmoja wa wageni wale, mama mwenye sauti kubwa, aliitazama sebule yetu kwa muda, kisha akauliza kama nyumba ina msiba, maana kila kitu kilikuwa kimefunikwa. Viti vilikuwa na vitambaa vya kufuma. Redio ilikuwa na chake. Chupa ya chai ilikuwa na chake, chenye maua ya waridi pembeni, na juu ya kitambaa cha meza palikuwa na kitambaa kingine kidogo cha kukilinda kile kikubwa. Bibi Wawuda alimwomba akae kwanza, ndipo aambiwe. Ninaandika kama alivyosema. Pale ambapo wengine husimulia tofauti, nimewauliza waliokuwapo na kufuata maneno yao.

Zamani, alisema, viti vya Kighondi vilikaa uchi, wala hakuna aliyeona haya. Kiti kilitoka kwa seremala na mbao zake na misumari yake, kikaingia nyumbani, kikakaliwa hivyo hivyo mpaka kikavunjika. Chakula kilifunikwa kwa ungo na mtoto kwa shuka. Vitu vingine vyote vilipata vumbi na moshi kama vilivyojaliwa. Kighondi iko upande wa baridi wa milima ya Taita, ambako ukungu huingia nyumbani bila kupiga hodi, na mtu aliyekalia ubao asubuhi ya mwezi wa saba aliinuka akiwa ameganda. Watu waliona kwamba hiyo ndiyo tabia ya viti.

Wakati huo Mwadime alimwoa Mghoi. Binti huyu alikuwa amefundishwa kufuma katika darasa la wasichana la misheni, na ingawa darasa lilifungwa mwalimu alipohamishwa, yeye hakuacha. Sindano yake ya kroshia aliitengeneza mwenyewe kwa waya wa mwavuli uliokufa, akausugua juu ya jiwe mpaka ukawa laini, kisha akaikunja ncha. Siku alipoletwa kama bibi arusi, wanawake wa Kighondi waliupokea mzigo wake mlangoni wakiimba. Walishangaa kuona mzigo ni mkubwa lakini ni mwepesi kama kuku asiyelishwa. Walipoufungua ndani, walikuta kanga mbili, sufuria moja, na uzi.

Lazima nieleze jambo moja hapa, kwa sababu bila hilo kisa hakieleweki. Mghoi alipenda kufuma, lakini alipenda zaidi kuwa na uzi wa kufumia. Alifumua magunia ya sukari na kuzungusha nyuzi zake kuwa madonge. Alifumua sweta kuukuu za watu waliokuwa bado wanazivaa, kama wakimruhusu. Akisikia kwamba duka la Voi limeleta sufu ya rangi mpya, aliteremka mlima na kikapu cha parachichi na kurudi na donge moja la zambarau, na njiani alilitoa mara kwa mara kulitazama. Siku za mvua aliyamwaga madonge yote mkekani, akayapanga kwa rangi, akayachanganya, akayapanga kwa unene, akashusha pumzi kama mtu aliyeshiba, akayarudisha. Hiyo kwake ilikuwa kazi iliyokamilika.

Kuanza alianza mengi. Alikuwa na kofia iliyofika masikioni, soksi moja, na bega la kushoto la sweta ya Mwadime, ambalo alimpima kila mwaka na kumwambia amenenepa.

“Hili donge la kijani utalifumia nini?” Mwadime alimuuliza siku moja.

“Bado halijaniambia.”

“Uzi unasema?”

“Hausemi na wewe, Baba Mwandoe,” Mghoi akamjibu, akimwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza. “Unajua huna subira.”

Wawuda, ambaye wakati ule hakuwa ameolewa na aliishi katika nyumba hiyo hiyo, alisema ndugu yake alitoka nje akasimama kwenye ukungu kwa muda mrefu. Yeye naye alimtania Mghoi kila siku, kama ilivyo haki ya wifi. “Kaka yangu alioa mke mmoja,” alikuwa akisema, “lakini naona mitala imeingia. Mke mwenzio analala kwenye kikapu, halafu ananenepa kuliko wewe.”

Uzi ulizidi kikapu ukaingia mtungini. Ulipozidi mtungi uliingia mzingani, kabla nyuki hawajapata nafasi. Mwadime alivaa kofia yake ya kanisani akahisi kichwa kimeongezeka. Alivaa buti akakuta mguu mwingine umetangulia, wa rangi ya chungwa. Asubuhi moja, mbele ya mgeni, alikiinua kibuyu ili amtilie maziwa kwenye chai. Maziwa hayakutoka. Akakitikisa. Kikatoka kichwa cha uzi mweupe, akauvuta, ukaja, akauvuta tena, na mgeni akatazama kwa heshima uzi ukijaza kikombe.

“Maziwa ya wapi haya?” mgeni aliuliza.

“Ya ng’ombe wa mke wangu,” Mwadime akajibu.

Haya yote aliyavumilia. Lililomshinda ni mahindi. Mwaka ule mavuno yalikuwa mazuri, na Mwadime alipanda darini juu ya jiko, mahali ambapo mahindi huwekwa ili moshi uyakaushe na kuyalinda na fukusi. Alipandisha kichwa akakishusha. Dari yote ilikuwa uzi. Mghoi alikuwa ameupeleka huko kidogo kidogo tangu palizi, kwa hoja kwamba huko ni pakavu. Mahindi yakabaki uani, na kabla ya jioni mvua ya ukungu ikaja. Sehemu ya mavuno iliota ikiwa guniani. Kwa familia ya mlimani hilo si jambo la kuchekwa. Mghoi mwenyewe alilia alipoona, kwa sababu alikuwa amelima shamba lile kwa mikono ile ile aliyofumia.

Mwadime hakumpigia kelele. Alikwenda kwa baba yake mdogo, Mzee Kirigha, aliyekuwa mkubwa wa ukoo tangu baba yake Mwadime afariki, akamweleza. Mzee Kirigha alikuwa mtu mrefu, mwenye nyonga iliyomuuma wakati wa baridi, na aliamini kwamba kila jambo lina sheria yake, na isipokuwapo itungwe kabla ya chakula cha mchana. Alikuja na wazee wawili, akakataa kukaa, akatoa hukumu akiwa amesimama mlangoni.

“Kitu kisicho na kazi hakilali ndani ya nyumba ya watu,” alisema. “Tutarudi baada ya soko la wiki ijayo. Uzi tutakaoukuta umekaa bure, tutauchoma. Na wewe, mwanangu Mghoi, ukiona huwezi kuishi bila huo uzi, tutakusindikiza kwa baba yako, wewe nao, kwa amani.”

Mghoi aliinamisha kichwa. Mama mkwe wake, Wakesho, alikuwa pembeni akichambua maharagwe, na inasemekana alikuwa akitabasamu. Hakuwahi kuupenda uzi ule. Yeye alikuwa msusi wa vikapu, na aliona kufuma ni kusuka kwa watu wasio na nguvu za vidole.

“Nimesema uzi wote,” Mzee Kirigha akaongeza, akiinua macho kwenye boriti. “Na ule mkonge pia, shemeji.”

Wakesho aliacha maharagwe. Kwenye boriti zote za nyumba ile palining’inia matita ya nyuzi za mkonge, zilizosokotwa na kutiwa rangi za magome na mizizi, nyingine zimekaa hapo tangu alipokuwa mwari.

“Zangu ni za vikapu,” alisema.

“Kikapu cha mwisho ulisuka lini?”

Wakesho alifikiri. “Bado natafuta rangi inayofanana na ile nyekundu.”

“Tangu lini?”

“Shemeji, mambo mazuri hayana haraka.”

“Baada ya soko,” Mzee Kirigha akasema, akaondoka akichechemea.

Wakesho aliinuka, akaenda akakaa kwenye mkeka wa mkwe wake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akachukua donge la zambarau, akalipima mkononi.

“Hili umelipata wapi?”

“Voi, Mama.”

“Walikuwa na mengine?”

“Mawili.”

“Ukayaacha?” Wakesho aliuliza kwa uchungu wa kweli, na kuanzia hapo walikuwa upande mmoja.

Walianza siku hiyo hiyo. Mghoi alifuma kuliko alivyowahi kufuma, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe alimaliza kitu. Wawuda naye alipewa sindano iliyoazimwa kwa jirani, akalalamika, akafuma. Lakini walipoitazama dari, ilikuwa kama hawajaigusa. Sweta moja humeza uzi, ila Mghoi alikuwa na uzi wa kuwavisha Wataita wote na kuwabakizia majirani. Aliweka sindano chini akasema heri arudi kwao kuliko kuuona moto ule. Wakesho alimwacha amalize kulia, kisha akamwambia neno ambalo Wawuda alilikumbuka mpaka uzeeni.

“Unakosea kufuma nguo,” alisema. “Nguo ina mtu wake, na mtu huondoka. Fuma vifuniko. Mgeni hafunui kilichofunikwa na mwenye nyumba.”

Hii ni desturi ya zamani sana kwetu. Mgeni akiinua mfuniko wa chungu kabla hajakaribishwa, ni kama amesema mwenyeji anamficha chakula, na tusi hilo hulipwa kwa mbuzi. Mzee Kirigha mwenyewe aliwahi kumtoza mbuzi mkwe wake aliyechungulia sufuria, ingawa kijana alijitetea kwamba alisikia maji yanafoka. Kwa hiyo Wakesho alijua anachosema. Waliushusha uzi wote kutoka darini na matita yote kutoka kwenye boriti. Kila kiti kilirundikiwa madonge, yakasawazishwa vizuri, yakafunikwa kwa kitambaa kilichofumwa kwa kipimo cha kiti hicho na kufungwa nyuma kwa vishikizo. Vigoda vikapata vyao. Kinu kilijazwa mpaka mdomoni kikavikwa kofia ile iliyofika masikioni, na mchi ukapata ile soksi moja. Uzi uliobaki uliwekwa juu ya meza, ukafunikwa, na juu yake kikawekwa kikombe, ili meza isionekane kama imevimba bila sababu.

Mwadime alirudi kutoka shambani akasimama mlangoni. Hakuna aliyemweleza kitu. Alitazama juu akaona dari tupu, safi, imefagiwa. Alitazama chini akaona nyumba yake imevaa nguo. Hakuuliza. Alipandisha mahindi yaliyobaki mpaka giza likaingia, akalala.

Wazee walikuja kama walivyosema. Mzee Kirigha aliingia wa kwanza na fimbo yake, akatazama boriti, akatazama dari.

“Uzi uko wapi?”

“Huu hapa, Baba,” Mghoi akajibu, akikionyesha kitambaa cha mezani. “Una kazi. Unafunika meza.”

“Na meza inafunikwa kwa nini?”

“Isipate baridi.”

Mmoja wa wazee alikohoa. Mzee Kirigha aliielekeza ncha ya fimbo kwenye mchi uliovaa soksi. “Na huyu?”

“Huyo ndiye mwenye kazi kuliko wote humu ndani,” Wakesho akadakia. “Mbona wewe umevaa soksi, shemeji, na hutwangi chochote?”

Kuona mambo yanaelekea kwenye mzaha, Mzee Kirigha aliamua kuendesha kesi kama inavyostahili, akakaa. Wenzake nao wakakaa. Bibi Wawuda alipofika hapa alikuwa akiwaonyesha wasikilizaji kwa mwili wake jinsi mzee yule alivyokaa: aliteremka kwa tahadhari, kama mtu mwenye nyonga mbovu anayejua ubao unamsubiri, na ubao haukumpokea. Alizama. Aliishika fimbo kwa mikono miwili. Kisha uso wake ukabadilika polepole, mikunjo ikaachana, na akatoa sauti ndogo ambayo familia yake haikuwahi kuisikia. Mzee wa pili tayari alikuwa amefumba macho.

Kimanga kililetwa, muhogo uliopondwa pamoja na maharagwe, na chai ya tangawizi. Kesi iliendelea, ila kwa sauti ya chini. Mzee Kirigha aliuliza maswali mengi kuliko ilivyohitajika, na yalipokwisha aliyaanza upya. Hatimaye alikumbuka wajibu wake.

“Uzi ninaouona una kazi,” alisema. “Lakini mimi si mtoto. Uzi uliokuwa darini ulikuwa mwingi kuliko huu. Mgeni hafunui, hilo najua. Mwenye nyumba hakatazwi. Mwadime, mwanangu, wewe ndiye uliyenishtakia. Simama ufunue vitu vyako, tuone kilicho chini.”

Hapo Mghoi alizishika sindano zake mbili, ile ya waya wa mwavuli na aliyoazimwa, akazifunga katika ncha ya kanga kama mtu anayejiandaa na safari. Alikuwa anajua kwamba chini ya vitambaa vile kuna kila alichowahi kukipenda ukiacha watu. Wakesho aliangalia maharagwe ambayo hayakuwapo. Wawuda alisema alitamani kumtania mtu, akakosa neno.

Mwadime alisimama. Alikuwa mtu mkweli, na uongo ungemshinda hata kama angeujaribu. Alikuwa amekaa juu ya donge kubwa, nadhani la gunia la sukari, na alilijua lilivyo. Alimtazama mke wake aliyekuwa akifunga kanga. Alitazama juu, akaona mahindi yake yamepangwa darini, makavu, moshi ukipita katikati yake bila wasiwasi. Alipangusa mikono kwenye suruali, akaenda mpaka mbele ya kiti cha baba yake mdogo, akainama kwa adabu.

“Nitafunua, Baba,” alisema. “Nitaanza na hiki. Simama.”

Mzee Kirigha hakusimama.

“Kwa nini uanze na hiki?”

“Ndicho kilichobeba zaidi. Ukisimama, nitafungua vishikizo, nitatoa kila kitu kilichomo, tutakichoma uani mbele yako, kisha nitakurudishia kiti chako kama kilivyokuwa.”

“Kama kilivyokuwa?”

“Ubao, Baba.”

Nje mvua ya ukungu ilikuwa imeanza. Mzee Kirigha aliwatazama wenzake. Yule wa pili alikuwa amelala kabisa, mdomo wazi, kikombe kimetulia kifuani. Wa tatu alikuwa akishangaa dari kwa bidii ya mtu asiyetaka kuulizwa. Mzee Kirigha alijaribu kuinuka kidogo, ili aonekane anajali sheria, nyonga ikamkumbusha, akarudi chini, na kile kiti kikampokea tena bila kinyongo.

“Mwadime,” alisema, “hiki nilichokalia, kimekaa bure?”

“Hapana, Baba. Kimekaliwa.”

“Basi kina kazi.” Aligonga sakafu kwa fimbo, lakini polepole, asimwamshe mwenzake. “Ukoo usikie. Uzi uliofunikwa na kukaliwa una kazi. Uzi uliolala darini, mahali pa chakula, ni mvivu, na huo tutauchoma. Shemeji, na mkonge wako hali kadhalika.”

“Mkonge wangu uko chini ya huyo aliyelala,” Wakesho akasema.

“Msimwamshe,” Mzee Kirigha akasema. “Na wewe, mwanangu Mghoi, una uzi wa kijani?”

“Ninao, Baba.”

“Mama yenu kule nyumbani ana viti vinne. Viko uchi.”

Mghoi aliifungua ncha ya kanga.

Kabla ya mavuno yaliyofuata, viti vya Mzee Kirigha vilikuwa vimevaa, na wake wa wazee wale wawili walikuwa wamekwenda kwa Mghoi kujifunza, kila mmoja akidai ametumwa na mumewe. Wanawake waligundua haraka kwamba kadiri viti vinavyoongezeka ndivyo nafasi ya uzi inavyoongezeka, na waume waligundua hilo baadaye. Sweta ya Mwadime haikumalizwa. Birika la chai lilivikwa bega lile la kushoto, likalitosha kana kwamba lilipimwa hapo, na Mghoi akasema kumbe ndilo neno ambalo uzi ule ulikuwa ukimficha miaka yote.

Na tangu siku hiyo, hakuna kiti kinachokaa uchi Kighondi. Redio hununuliwa, na kabla ya kutiwa betri hutafutiwa kitambaa. Televisheni zilipokuja zilivikwa hivyo hivyo. Mgeni hukaa juu ya kitambaa, hula juu ya kitambaa, na hafunui. Mume hamuulizi mkewe donge fulani ni la kufumia nini, isipokuwa kama amesimama darini. Yule mama wa Mombasa, aliyeuliza kama tuna msiba, aliondoka na vitambaa sita na sindano moja, na shangazi yangu anasema nyumba ile sasa haina pa kuweka kikombe.

Mzee Kirigha alifariki mwaka 1962, na wazee wenzake wawili kabla yake. Wakesho alifariki mwaka 1969, bila kuipata ile nyekundu. Babu Mwadime alifariki mwaka 1990, na Bibi Wawuda mwaka uliofuata. Mghoi yu hai. Anaishi pale pale, haoni vizuri, lakini huzijua rangi kwa kuzigusa, au husema hivyo, na hatumbishii. Nilikwenda kumsalimu Pasaka iliyopita. Alinikaribisha kiti karibu na moto, kimevaa kitambaa kilichokazwa kwa vishikizo, nikakaa, nikagundua kwamba miguu yangu haifiki sakafuni.